Shahidi kutoka Mamba

Kikapu changu cha kipindi cha dini nimemwachia mwalimu aliyechukua nafasi yangu, na habari zilizonifikia ni kwamba chupa ya mafuta imeshavunjika. Simlaumu. Na mimi nilivunja za kwangu kabla sijajua kuzifunga kwenye kitambaa. Naandika haya kwa ajili yake na vijana wengine mliopewa kipindi hicho bila kuulizwa, kama nilivyopewa mimi. Mambo ya kupanda madaraja na mishahara sitayagusa, maana hayo mnayaongea vya kutosha kwenye ofisi ya walimu.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, Mwanglikana wa kule ambako misa ina ubani na kengele. Same nililetwa na ndoa, baada ya kuolewa na Mpare. Watu wa kwetu walinionya juu ya mambo mawili, upepo wa Same na Wapare wenyewe. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Upepo niliuzoea. Kuhusu kesi ya kuku, nilikuja kuona kwamba kama kuku ni wako kweli, hakuna ubaya wowote kumpigania, na tangu hapo sikuwacheka tena.

Shule niliyopangiwa ilikuwa tambarare, karibu na mashamba ya mkonge. Nusu ya watoto walikuwa wa wenyeji walioshuka kutoka milimani, na nusu walikuwa wa wakata mkonge waliotoka Kigoma, Masasi, Dodoma na Songea. Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya kipindi cha dini. Kengele ilipolia watoto walitawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama. Walutheri, ambao ndio wengi, walichukua darasa la saba pamoja na mwinjilisti wao. Waislamu walikwenda na ustadhi darasa la tano. Wasabato walikaa kwenye kivuli cha mwarobaini nyuma ya stoo. Uwanjani wakabaki Wakatoliki, ambao katekista wao alikuja pale alipopata nafasi, na Waanglikana wachache wasio na mtu.

Mwalimu mkuu, Mlutheri mwenye haraka zake, alinitazama, akawatazama na wao. "Mwalimu Agnesi, chukua wote. Si wote mnavaa kanzu na kupiga goti? Mtaelewana."

Nilijaribu kumweleza kwamba mambo si mepesi hivyo. Akaangalia saa. Ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, juu ya hesabu na Kiswahili ambavyo ndivyo vilivyonileta.

Wiki iliyofuata niliandika ubaoni neno SAKRAMENTI, nikauliza ziko ngapi. Wakatoliki wakajibu kwa sauti moja: saba! Mtoto mmoja Mwanglikana wa kutoka Dodoma akasema ni mbili. Mwenzake, Mwanglikana wa Masasi, akasema saba. Yule wa Dodoma akamgeukia kwa hasira: "Wewe si Mwanglikana wewe!" Kisha akanigeukia mimi: "Madam, kama wao wana saba na sisi mbili, sisi tumeibiwa?"

Darasa lilicheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaona sina jibu ambalo lisingekwenda kuvunja nyumba ya mtu jioni ile. Nikasema nitajibu wiki ijayo. Jifunzeni kuitamka sentensi hiyo bila aibu. Itawafaa kuliko vitabu vingi.

Jioni nilikwenda kwa katekista, Mzee Anselmi. Alikuwa seremala wa zamani, Mpare wa milimani, mtu wa maneno machache na baiskeli isiyo na breki. Aliponisikiliza aliacha kupiga randa. "Kwa hiyo unataka kuwafundisha watoto wangu Uanglikana?"

"Nataka kuwafundisha wako na wangu bila kuwadanganya," nikamwambia.

Akasema andalio langu la somo liwe linapita kwake kwanza. Nililichukia sharti hilo mwezi mzima, na baadaye nikaona ndilo lililonifanya mwalimu. Yeye ndiye aliyenipa kanuni ninayowaachia: mtoto ashike kitu kwanza, jina la kitu lije baadaye. Hapo ndipo kilipozaliwa kikapu: beseni dogo, jagi la maji, mkate, chupa ya mafuta, pete ya shaba na mshumaa. Kila sakramenti ina kitu kinachoonekana na neema isiyoonekana, na mtoto aliyekwisha kuhisi maji yakimtiririka kichwani hahitaji hotuba ndefu.

Jibu la yule mtoto wa Dodoma tulilitafuta pamoja, mimi na Mzee Anselmi, tukiwa tumekaa juu ya mbao. Hakuna aliyeibiwa. Wakatoliki huhesabu sakramenti saba: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa. Waanglikana wote hukubali mbili ambazo Kristo mwenyewe aliziagiza katika Injili, yaani Ubatizo na Ushirika Mtakatifu. Zile tano nyingine, sisi wa Muheza na Masasi huziita sakramenti bila kusita, na wenzetu wa Dodoma huziheshimu bila kuziita hivyo. Lakini nyumba zote hizo zinafunga ndoa, zinapaka wagonjwa mafuta, na askofu anaweka mikono juu ya vichwa vya watoto. Nilipomaliza kueleza hayo, yule mtoto alifikiri, akasema, "Kwa hiyo tunazo, ila hatuzihesabu." Sentensi yake niliiandika ubaoni nikaiacha mpaka Ijumaa.

Kuna makosa mtakayoyafanya, kwa hiyo mengine niwapunguzie. Usifanye mazoezi ya komunyo kwa mkate na maji ya ukwaju. Mimi nilifanya, na kesho yake mama mmoja alifika shuleni akiwa amejifunga kitenge kipya, kuuliza kama ni kweli mwanawe amekwisha kupokea shuleni, kwa sababu alikuwa ameshaalika wageni na kutenga mbuzi. Pia, kumbuka mpangilio. Kwa Wakatoliki watoto huanza komunyo, kipaimara huja baadaye. Kwa Waanglikana wa sehemu nyingi, mtoto husubiri kwanza askofu amwekee mikono ndipo asogee mezani. Basi wenzao watakapovaa nguo nyeupe, Waanglikana watakuuliza wao wana kosa gani. Uwe na jibu siku hiyo, usisubiri wiki ijayo.

Na yuko mtoto ambaye jibu halitamfurahisha. Nilikuwa na Maria na Esta, mmoja Mkatoliki na mwingine Mwanglikana, waliokaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Waliniomba wapokee pamoja siku ya komunyo ya Maria. Niliwaambia ukweli: Esta ataingia kanisani, ataimba, atakaa benchi moja na familia ya Maria, lakini mezani hatakwenda. Esta alilia. Sikumwambia kwamba ni jambo dogo, kwa sababu mtoto akishalia ameshajua si dogo. Nilikasirika, na sehemu ya hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nilimlalamikia Mungu, nikamlalamikia Mzee Anselmi. Mzee Anselmi peke yake ndiye aliyenijibu. "Na mimi inaniuma," alisema. "Endelea kufundisha."

Sasa nifike kwa Faraja, kwa maana bila yeye nisingechukua kalamu hii.

Faraja alikuwa msichana wa darasa la tano. Baba yake, Benedikto, alikuwa Muha wa Kigoma, Mkatoliki, mkata mkonge. Mama yake alikuwa Mwanglikana wa Masasi, naye alifariki Faraja akiwa darasa la tatu. Tangu hapo mtoto alifuatana na baba yake kanisani, na mwaka huo aliingia mafundisho ya komunyo ya kwanza pale parokiani, kila Jumamosi, kwa Mzee Anselmi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kichwa kigumu ambacho hata Mpare angekionea wivu.

Mzee Anselmi alipowauliza watoto vyeti vya ubatizo, Faraja hakuwa nacho. Hakuna kanisa lililokuwa na jina lake. Alichokuwa nacho ni maneno ya mama yake: alizaliwa kwenye zahanati ya shamba la mkonge, alikuwa hapumui vizuri, na nesi akambatiza palepale. Mama alikusudia kumpeleka kanisani akapokelewe mbele ya waumini, lakini kanisa la Anglikana lilikuwa mbali, kazi haziishi, na mwishowe ugonjwa ukamtangulia.

Mzee Anselmi akasema basi atabatizwa kwa sharti. Kanisa lina njia hiyo kwa watu wasio na hakika. Padre humwaga maji akisema, "Kama hujabatizwa, nakubatiza." Watoto wengi wamepita njia hiyo na hakuna aliyeugua. Faraja akakataa. Jumatatu alinifuata darasani wakati wa mapumziko.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Nimesikia umemkatalia katekista."

"Ndiyo, madam. Sitaki ya kama. Mama hakuniambia kama."

Nilimweleza kwamba ni kwa usalama tu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Nikikubali, nitakuwa nimesema mama labda alidanganya." Nikaiacha chaki mezani. Nilikuwa nimefundisha sakramenti miaka mingi, na sikuwa nimeiona kesi hiyo kwa upande ule.

Jioni hiyo nilikwenda kwa baba yake, kwenye nyumba za wafanyakazi. Benedikto alikuwa ananoa panga, amechoka, mikono imechanwa na miiba. "Mwalimu," alisema, "maji ni maji. Akiongezewa atapungukiwa na nini?"

"Wewe hukumbuki ubatizo huo?"

"Nilikuwa shambani. Nilipofika nilikuta mtoto analia na kila mtu anacheka. Marehemu mke wangu alinieleza, ndiyo, lakini homa ilikuwa imempanda, aliongea mengi siku zile. Nesi naye alihamishwa muda si mrefu. Mimi nadhani aliota." Alipitisha kidole kwenye makali ya panga. "Nilimwambia hivyo hata yeye mwenyewe. Akanuna wiki nzima."

Faraja alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Nilimwona uso. Nikajua kwamba hapa hatutafuti cheti tena. Tunatafuta kama marehemu alisema kweli, na aliye hai anayedai haki hiyo ni mtoto wa darasa la tano.

Nikarudi kwa Mzee Anselmi nikiwa nimekunja uso. Naye alikunja wake. "Si ukatili, Mwalimu," alisema. "Nikimwacha, na kumbe hakubatizwa, nimemdhulumu. Nikimrudia, na kumbe alibatizwa, nimeidharau sakramenti. Ubatizo haurudiwi, kwetu na kwenu. Ndiyo maana sharti lipo."

"Na akipatikana shahidi?"

"Mmoja tu anatosha, akiwa mtu wa kuaminika na alikuwepo. Hata kama aliyebatiza si padre, hata kama si Mkatoliki. Maji yawe maji, maneno yawe yale, na nia iwe ya kufanya linalofanywa na Kanisa." Akaniinulia kidole. "Lakini usimfundishe majibu. Ukimfundisha, mimi nitajua, na Mungu naye."

Faraja alikuwa na mambo mawili tu ya kumtambulisha nesi huyo, kwamba alitoka Mamba, kule milimani, na kwamba alikuwa Msabato. Niliposikia la pili nilikaa chini. Ninyi mliokulia huku mnajua: Wasabato hawabatizi watoto wachanga. Kwao mtu hubatizwa akiwa na akili zake, tena huzamishwa mwili mzima mtoni au kisimani. Shahidi wangu wa ubatizo wa kichanga kwa maji ya kumwagia alikuwa mtu ambaye kanisa lake halitambui kitu kama hicho. Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani, na haikuwa kicheko cha furaha.

Hata hivyo Wasabato wa Upare wanafahamiana. Mwalimu mwenzangu aliyekaa na kundi la kwenye mwarobaini alipiga simu mbili, na siku chache baadaye nikajibiwa: Nesi Naetwe amestaafu, yuko Mamba, analima tangawizi. Nikaomba ruhusa, Benedikto akaruhusu mtoto, tukapanda gari la milimani, na kutoka pale liliposhushia tukachukua bodaboda. Barabara ilikuwa imenyeshewa. Kijana wa bodaboda alituambia tujishike na tusali dhehebu lolote.

Tulimkuta Nesi Naetwe ameketi uani kwenye kigoda, akiosha tangawizi kwenye beseni kubwa huku anaimba. Alikuwa mama aliyepita makamo, mnene kidogo, mikono yake ina harufu ya tangawizi mbichi. Tulisalimia, akatukaribisha, akaagiza maziwa kabla hajauliza shida yetu. Nilipomweleza, mikono yake iliacha kusogea majini.

"Mwalimu," alisema taratibu, "unataka nikasimame mbele ya padre niseme nilibatiza mtoto mchanga? Unajua wazee wa kanisa langu watasema nini?"

"Najua."

"Hujui. Mimi ni shemasi mwanamke pale. Ndimi ninayewafundisha mabinti wanaojiandaa kubatizwa." Akamwangalia Faraja. "Kwani mama yako alikwambia nini hasa, mwanangu?"

Faraja alikuwa amesimama kwa heshima, mikono nyuma. "Shikamoo bibi. Alisema ulikataa kwanza."

Nesi Naetwe akaweka chini tangawizi iliyokuwa mkononi.

"Alisema ulimwambia, sisi hatubatizi watoto. Yeye akakwambia hawezi kuamka, na wewe una mikono."

Mama yule alifuta mikono yake kwenye khanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "Hayo tulikuwa wawili tu chumbani," alisema. "Sijamwambia mtu. Hata mume wangu sijamwambia." Kisha akamvuta Faraja, akamshika kidevu, akamtazama puani kwa umakini wa kinesi, kana kwamba bado anahakikisha anapumua. Machozi yalimtoka bila sauti. Na mimi yalinitoka, siwafichi.

Niliposema kikao na padre ni Jumamosi, machozi yake yaliisha mara moja. "Jumamosi siendi popote ila ibadani! Hata akiniita askofu!" Nikampigia simu Mzee Anselmi kutoka palepale uani, nikasimama juu ya jiwe ili nipate mtandao. Aliguna muda mrefu, kisha akasema Jumapili, baada ya misa ya pili.

Jumapili hiyo Nesi Naetwe alifika amevaa suti ya kitenge na kofia, Biblia mkononi, akaketi kwenye benchi la nje mpaka misa ilipoisha. Nilikaa karibu naye. Ulimi uliniwasha. Maneno mawili tu ya kumwelekeza kuhusu nia, na kesi yetu ingekuwa salama. Swali hilo la nia ndilo lililonikosesha usingizi. Mkweli kama yule angeweza kujibu kwamba hakukusudia lolote ila kumtuliza mzazi, na hapo kila kitu kingeporomoka. Nikaongelea bei ya tangawizi. Sijawahi kuiongelea sana hivyo.

Tuliingia ofisini kwa padre, kijana mpole aliyekuja parokiani mwaka ule. Mzee Anselmi alikaa pembeni yake. Benedikto alisimama ukutani, kofia kichwani kwa kusahau. Faraja alikuwa mbele yangu.

"Ulitumia maji, mama?" padre aliuliza.

"Maji ya kuchemsha, yaliyopoa. Nilimmwagia kichwani mara tatu."

"Ulisema maneno gani?"

"Mama yake alinifundisha pale kitandani, akanirudisha nyuma nilipokosea. Nikasema, Faraja, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Halafu nikaendelea kumsafisha pua na kumsugua mgongo, maana kazi yangu ilikuwa haijaisha."

Padre alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Na ulipokuwa unamwaga maji hayo, ulikusudia nini?"

Nesi Naetwe aliweka Biblia yake magotini. "Padre, nisikudanganye. Mimi siamini kwamba mtoto mchanga anabatizwa. Siku ile sikuamini, na leo siamini."

Mzee Anselmi aliinamisha kichwa. Mbele yangu mabega ya Faraja hayakutikisika hata kidogo.

"Lakini mama yake aliamini," Nesi Naetwe akaendelea. "Aliniomba nimfanyie mtoto wake lile ambalo kanisa lake lingemfanyia kama padre wao angekuwepo. Sikutaka kumwigizia. Mtu hamwigizii mwenzake kitandani pale. Nilikusudia kufanya hilohilo walifanyalo wao, na nikalifanya. Kama ni ubatizo au si ubatizo, hayo ni yenu. Lakini aliloliomba alilipata."

Padre alimgeukia Mzee Anselmi, na yule mzee, aliyekuwa amenifundisha yote niliyoyajua, aliinua uso wake umelowa. "Padre," alisema, "nia haiwezi kusemwa vizuri zaidi ya hivyo."

"Basi inatosha," padre akasema. "Faraja, umebatizwa. Hutabatizwa tena, wala kwa sharti. Utapokea na wenzako."

Nesi Naetwe akauliza kama jina lake litaandikwa. Mzee Anselmi akasema likitakiwa linaweza kuachwa, ili asipate matatizo kwao. "Liandike," akasema. "Na wazee wangu nitawaambia mwenyewe Jumamosi, kabla hawajaambiwa na wengine." Nilikuja kusikia kwamba walimweka kikaoni saa nyingi, na kwamba alitoka na ushemasi wake, ingawa hakuwahi kunisimulia yaliyosemwa humo.

Tulikuwa tunainuka. Padre akauliza kama kuna jambo lingine, kwa desturi tu, kama watu wanavyouliza mwisho wa kikao.

"Liko," Faraja akasema. Sauti yake ndogo ilitushangaza sote. "Naomba umwambie baba."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mama hakuota."

Padre hakucheka. Alisimama, akafunga kitufe cha juu cha kanzu yake, akamwendea Benedikto pale ukutani. "Mzee Benedikto," alisema, "mkeo alisema kweli."

Benedikto alivua kofia. Akaukunja ukingo wa kofia ile kwa mikono yake yenye makovu ya mkonge. "Nimesikia, padre," alisema mwishowe. Halafu akamgeukia binti yake, na mbele yetu sote akamwomba yeye ule msamaha aliopaswa kumwomba mama yake.